Barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Nairobi: ufunguo wa ukumbi uko kwa nani?

Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa Spika na Wawakilishi Wadi. Kwa wasimamizi wa utamaduni, nyumba na ujenzi.

Waheshimiwa,

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano akatoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata alitiwa mbaroni, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mtaa tu, pa ngoma na mikutano ya vyama. Siasa ilipozidi kunoga humo, watu wakaubatiza jina la bunge la Waingereza.

Tumeanzia Kaloleni kwa sababu ombi letu linahusu kumbi za aina hiyo. Hatuombi jumba jipya la vioo katikati ya jiji. Sisi ni waigizaji, waelekezi, washonaji wa maleba na mafundi wa taa, na tunachotaka ni kumbi ambazo kaunti tayari inazo katika mitaa ya zamani ya Eastlands. Tunataka zifunguliwe, zitiwe stima ya kutosha, na ziwe na kanuni iliyoandikwa kuhusu nani anaweza kunyimwa ufunguo na kwa sababu gani. Hilo la mwisho ndilo kubwa.

Jukwaa rasmi la nchi, Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, lilifunguliwa 1952, mwaka uleule wa kutangazwa kwa hali ya hatari. Linatazamana na hoteli ya Norfolk. Tarehe 16 Machi 1922, hapo karibu, umati uliokuja kudai Harry Thuku, kiongozi wa kupinga ukoloni, aachiliwe ulipigwa risasi, watu zaidi ya 20 wakafa, Mary Muthoni Nyanjiru akiwamo, na masetla waliokuwa kwenye baraza ya hoteli wakajiunga katika ufyatuaji. Leo barabara hiyo inaitwa Harry Thuku. Mtazamaji anayesimama hapo kungoja lango lifunguliwe amesimama juu ya onyesho ambalo hakuna aliyelikatia tiketi.

Ila mtazamaji huyo lazima kwanza afike. Mchezo ukianza saa kumi na mbili u nusu jioni, mtu anayefunga kibanda Kayole saa kumi na moja hawahi kwa foleni ya jioni. Ukisogezwa hadi saa moja u nusu, utaisha saa tatu u nusu, na hapo ashuke kwa miguu hadi barabara ya Tom Mboya kutafuta matatu. Mvua ikidondoka, nauli inapanda kabla konda hajafungua mdomo. Tuchukue mfano: tiketi shilingi 1,000, nauli 100 ya kuja na 150 ya kurudi. Watu wawili wamemaliza 2,500 kabla ya kununua hata chai. Ukumbi ulio mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani unaweza kutoza 200 na ukajaa, kwa sababu nauli imetoka kwenye hesabu na hofu ya usiku imetoka pia.

Sasa tuseme jambo ambalo huenda halitawapendeza. Katika nchi hii mchezo mara nyingi hauzimwi kwa kufutwa maneno. Huzimwa mlangoni.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walipanga umbo la jukwaa lao kwa njiti za kiberiti kabla ya kulijenga, wakajenga uwanja wa maigizo ulio wazi wa kukalisha zaidi ya watu 2,000. Mchezo wao wa Kigikuyu ulianza Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa leseni ya maonyesho, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa mchezo huo, akawekwa kizuizini bila kesi. Februari 1982 kundi hilohilo lilikwenda kufanya mazoezi katika Ukumbi wa Kitaifa likakuta milango imefungwa. Likahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache kutoka hapo, na watu wakafurika kutazama mazoezi matupu mpaka hayo nayo yakasimamishwa. Machi ya mwaka huo polisi waliubomoa uwanja wa Kamĩrĩĩthũ. Angalieni utaratibu: leseni, kufuli, ubomoaji.

Mtasema hayo ni ya zamani. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere walihitaji amri ya Mahakama Kuu ili mchezo wao uonyeshwe kwenye tamasha la kitaifa. Aprili 2025 shule ileile, tena ikiwa na amri ya Mahakama Kuu, ilifika Nakuru. Mwandishi wa mchezo wao alikuwa ameshikwa na polisi, waliokuja kutazama wakarushiwa vitoa machozi, na wasichana wakaimba Wimbo wa Taifa wakaondoka bila kuigiza. Mahakama ilikuwa imeufungua mchezo. Ukumbi haukufunguka.

Ndiyo maana kanuni ya ukodishaji ni suala la Katiba, wala si la makarani peke yao. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa na kutaja mipaka yake, ikiwemo propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Hakuna mahali kinaposema "mchezo usiomfurahisha mkubwa". Na Jedwali la Nne, sehemu ya pili, limewakabidhi ninyi, serikali za kaunti, shughuli za utamaduni na majengo yake. Kwa hiyo ukumbi wa mtaa ukifungwa, hatuna haja ya kwenda kulalamika kwa Waziri. Tunakuja kwenu.

Tunapendekeza kanuni fupi, ya ukurasa mmoja, ipitishwe na Bunge la Kaunti. Anayekodi aeleze siku, saa, idadi ya watu na vifaa vya moto au stima atakavyoleta. Asidaiwe mswada wa mchezo. Jibu litolewe katika siku 7, kwa maandishi. Likiwa la kukataa, litaje sababu mojawapo kati ya tatu: ukumbi umeshakodiwa, jengo si salama, au mwombaji ana deni la nyuma. Sababu ya nne isiwepo. Ukumbi uliokwisha kulipiwa usifutwe chini ya siku 14 kabla ya onyesho ila kwa hatari ya jengo au kwa amri ya mahakama.

Siku 14 hatukuziokota barabarani. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka mwandalizi wa mkutano wa hadhara kuwajulisha polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla. Inasema kujulisha. Lakini kila aliyeandaa chochote hapa Nairobi anajua jinsi barua ya kujulisha inavyogeuzwa barua ya kuomba, na karani wa ukumbi hukataa kupokea pesa mpaka aone muhuri wa kituo. Hapo unabanwa: mabango yanapaswa kuchapishwa mwezi mmoja kabla, muhuri hauwezi kutafutwa kabla ya wiki mbili, na "hapana" ikija siku ya tatu, umeshalipa matangazo, maleba na gari. Kanuni yenu iseme wazi kwamba karani wa ukumbi si wakala wa polisi, na kwamba mchezo wa ndani ya ukumbi hautadaiwa muhuri wowote ili upewe tarehe.

Tuingie ndani sasa, maana hata mlango ukifunguliwa kuna kazi.

Stima kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoharibu usiku mwingi zaidi. Kumbi za zamani zilitiwa nyaya za taa za mirija na soketi chache. Kundi likija na taa 12 za mtindo wa kale, za wati 1,000 kila moja, hizo ni wati 12,000, yaani ampea 50 kwa umeme wetu wa volti 240. Saketi nzima ya soketi hulindwa kwa ampea 30 au 32. Swichi kuu inaruka tukio la pili, kwa kawaida pale hasa mhusika anapokaribia kusema siri, na mtu wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Soketi moja ya ampea 13 inabeba taa tatu za aina hiyo na si zaidi. Dawa haihitaji transfoma mpya. Taa 12 za LED za wati 150 zinakula wati 1,800; ongezeni vipaza sauti vya wati 600, jumla 2,400. Mazoezi ya taa ya saa tatu na onyesho la saa mbili havizidi uniti 12 za tokeni. Tunachoomba ni saketi mbili mpya, moja ya taa na moja ya sauti, zisichanganywe (zikichanganywa, spika zitalia "mmm" usiku kucha), kila moja na swichi yake ya kukata hitilafu ya kuvuja. Na mita iwe mahali ambapo msimamizi anaweza kusoma salio kabla ya onyesho. Tokeni kuisha katikati ya mchezo si mkosi. Ni mtu hakuangalia.

Taa hizo zinaning'inia wapi? Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 48, lile la jukwaa la waashi, lifungwe mita 4 juu ya sakafu na mita 4 mbele ya ukingo wa jukwaa. Hapo mwanga unamfikia mwigizaji kwa mteremko unaomwonyesha macho. Taa zikiwekwa juu kabisa ya kichwa chake, paji la uso linatia kivuli na mashimo ya macho yanakuwa meusi. Zikiwekwa chini kwenye stendi za harusi, kivuli chake kinacheza ukutani kikubwa kuliko yeye. Kila taa iwe na mnyororo wa pili wa usalama. Bomba lipimwe na mhandisi mara moja, uzito unaoruhusiwa uandikwe ukutani kwa rangi, basi.

Jukwaa lenyewe si ghali. Mbao nane za plaiwudi za futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, juu ya fremu za mbao za inchi 3 kwa 2, zinatoa jukwaa la futi 16 kwa 16, linalotosha waigizaji wanane. Msikubali fundi awauzie plaiwudi ya milimita 12 kwa hoja ya bei. Siku ngoma ya isukuti itakapopigwa na watu sita kuruka pamoja, itabonyea katikati na mwaka haujaisha itapasuka. Miguu iwe ya futi 2, ifungwe kwa bolti na mbao za mshazari. Tumieni skurubu na gundi. Msumari hulegea, ukilegea hulia, na jukwaa linalolia hushindana na mwigizaji anayenong'ona. Vipande vya zulia kuukuu kati ya fremu na fremu humaliza kelele iliyobaki. Likiwa la kuvunjwa vipande vinane, linawekwa ghalani siku ya harusi au matanga, na hakuna atakayesema waigizaji wamewanyang'anya wenyeji ukumbi wao.

Kuhusu mwangwi, fanyeni jaribio hili siku ya ukaguzi: ukumbi ukiwa mtupu, simameni katikati mpige kofi moja. Sauti ikiendelea kulia kwa sekunde mbili, mchezo wa Kiswahili hautasikika hata kwa kipaza sauti. Maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayobaki hewani. Silabi ya kwanza ya neno linalofuata inamezwa. Hadhira husikia wimbo mzuri isioelewa. Kuta tupu za saruji na sakafu ngumu ndizo zenye hatia. Pazia zito lenye mikunjo, likitundikwa sentimita 10 mbele ya ukuta wa nyuma na nusu ya kuta za pembeni, hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Trei za mayai hazisaidii. Zinapendeza picha na kushika moto upesi. Na pale paa lilipo bati tupu, hakuna tamthilia mwezi wa Aprili wala Novemba bila dari ya ubao na kizuia sauti juu yake. Mvua ya Nairobi haimngoji mtu amalize sentensi.

Giza nalo lina ufundi wake. Riziki ya makundi mengi ni maonyesho ya asubuhi ya tamthilia teule kwa wanafunzi wa sekondari, saa nne jua likiwa kali. Kitambaa cheusi kimoja hakitoshi: kishikeni mbele ya tochi ya simu mwone. Wekeni tabaka mbili, kipishane sentimita 15 pembeni, lakini matundu ya hewa ya juu yasizibwe, kwa sababu wanafunzi 150 ndani ya chumba kilichozibwa huanza kuzirai kabla ya kilele cha mchezo. Pazia lisifunike mlango wa kutokea. Na milango ya kutokea iwe miwili, ifunguke kwenda nje. Tunasema hivi kwa ukali: ule mlango wa pili ambao siku zote una geti la chuma na kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda ushago, ni hatari kuliko mchezo wowote mtakaouogopa.

Fedha tutasema kwa ufupi. Mchezo wa saa mbili unahitaji wiki tano za mazoezi, siku nne kwa wiki, saa tatu kila siku: saa 60. Ukumbi ukitozwa kwa siku nzima, hata kwa shilingi 5,000, vikao 20 ni laki moja kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Viti 150 kwa shilingi 200, vikijaa vyote, ni 30,000 kwa usiku. Hesabu inakataa. Wekeni kiwango cha saa kwa mazoezi, Jumatatu hadi Alhamisi kabla ya saa nane mchana, wakati kumbi hulala tupu. Jumapili makanisa yanazitumia. Jumamosi harusi na mikutano ya chama. Hatutaki kumwondoa mtu yeyote. Tunataka saa ambazo hazina mwenyewe. Tena Katiba, kifungu cha 209, inaziruhusu kaunti kutoza kodi ya burudani. Tunaijua haki yenu hiyo, ila tunaomba onyesho la tiketi isiyozidi shilingi 300 katika ukumbi wa kaunti lisamehewe, kwa kuwa mngekuwa mnatoza kodi ya burudani juu ya kodi ya ukumbi.

Sasa la nyumba. Mitaa ya zamani ya kaunti inabomolewa ili maghorofa yapande, na hatuna ugomvi na watu kupata vyumba vyenye maji. Lakini tunajua jinsi "ukumbi wa jamii" unavyochorwa kwenye mpango wa ghorofa: ni nafasi iliyobaki chini, dari ya mita 2.7, nguzo tatu katikati, pembeni mwa maegesho. Nguzo moja katikati ya ukumbi inawanyima theluthi ya watazamaji uso wa mwigizaji. Dari ya mita 2.7 inaondoa taa na jukwaa kwa pamoja, maana mtu mrefu juu ya jukwaa la futi 2 atakuwa na kichwa karibu na mirija. Andikeni kwenye zabuni, kabla mchoraji hajaanza: mita 10 kwa 20 bila nguzo, dari isiyopungua mita 5, mlango wa vifaa wenye upana wa mita 1.8, ghala lenye kufuli, vyoo vinavyofikiwa bila kupita jukwaani, na chumba cha kubadilishia nguo chenye maji. Kuliongeza hilo jengo likiwa karatasini ni suala la mistari. Kuliongeza baada ya zege kumwagwa haiwezekani. Na pale panapobomolewa ukumbi wenye historia, mkandarasi asipewe kibali cha kuugusa kabla mpya haujakabidhiwa. Kaloleni haipaswi kubaki kibao cha shaba kwenye lango la maegesho.

Mtauliza kwa nini tusichezee nje, kama enzi za Kamĩrĩĩthũ. Tunacheza. Bustani ya Jeevanjee imekuwa mahali pa mabishano ya wananchi kwa miaka mingi. Lakini nje hakuna giza, sauti inashindana na honi, na kanjo, yaani askari wa kaunti, akitokea hadhira hukimbia kwanza na kuuliza baadaye; wachuuzi walioko humo wamewafundisha hivyo. Tangu Juni 2024, vijana walipojaa barabara za jiji hili kupinga Mswada wa Fedha, kundi lolote la watu 30 lililosimama duara hutazamwa kwa jicho la pembeni. Vijana hao wana mengi ya kusema, na baadhi yao wanayasema kwa maigizo, kwa ushairi na kwa vichekesho. Wakinyimwa ukumbi hawanyamazi. Wanasemea palepale mnapopaogopa.

Tunapendekeza muanze na ukumbi mmoja, kwa miezi 6. Chagueni wenyewe, tungefurahi ukiwa Kaloleni au Pumwani. Kaunti ilete saketi mbili, milango miwili inayofunguka nje na kanuni ya ukurasa mmoja. Plaiwudi, skurubu, mapazia na vibarua tutaleta sisi, na orodha ya vipimo tumeshaitoa hapo juu. Kalenda ya mwezi ibandikwe mlangoni kila tarehe mosi, ikionyesha nani kakodi, saa ngapi, na nani alikataliwa kwa sababu ipi kati ya zile tatu.

Tunaomba jibu la maandishi, pamoja na cheo cha afisa atakayeshika ufunguo na cheo cha yule atakayeshika ule wa akiba.

Wenu,
Waigizaji, waelekezi na mafundi wa jukwaa, Nairobi